Mzee Anakwenda Wapi?

Konda hakumuuliza babu. Aliniuliza mimi.

"Mzee anakwenda wapi?"

Nilikuwa darasa la nne. Babu alikuwa amesimama hapo hapo kando yangu, ameshika ncha moja ya fimbo ya mpera, nami nimeshika ncha ya pili. Tulikuwa tunatoka Pongwe kwenda Ngamiani, safari tuliyokuwa tukiifanya karibu kila Jumatano tangu presha ya macho ilipommalizia nuru yake. Babu alikuwa amefanya kazi miaka 29 kwenye mashamba ya mkonge, ameozesha mabinti watatu, na vituo vyote vya barabara ile alivijua kabla konda yule hajazaliwa. Lakini swali lilipita juu ya kofia yake likanifikia mimi. "Ngamiani," nikajibu. Babu akatoa noti mfukoni. Chenji nikarudishiwa mimi.

Nilikuwa nimeshakisahau kisa hiki hadi mwaka wangu wa kwanza wa shahada ya uzamili, nilipopewa nisome hukumu moja ya Mahakama ya Juu ya Marekani kuhusu mtoto mwenye ulemavu, mbwa wake na shule iliyomkataa mbwa huyo. Nilidhani nitasoma habari za mbwa. Nikajikuta ninarudi nyuma, hukumu hadi hukumu, sheria hadi sheria, mpaka nikamkuta kijana mmoja wa Nashville, jimbo la Tennessee, ambaye naye alikuwa akiongozwa njiani na mtoto.

Jina lake Morris Frank, mzaliwa wa mwaka 1908. Jicho moja lilipotea akiwa na miaka sita, la pili akiwa na miaka kumi na sita katika mchezo wa ndondi. Alikuwa akisoma chuo na kuuza bima, kazi inayomtaka mtu abishe hodi nyumba hadi nyumba. Kwa hiyo akamwajiri kijana wa kumwongoza. Kijana huyo alichoka upesi. Alivutwa na mambo ya njiani, na mara nyingine alimwacha tu bosi wake akaenda zake.

Niliposoma habari hiyo nilifunga kompyuta nikatoka nje kidogo. Kwa sababu mimi pia nilishawahi kumwacha babu. Ilikuwa siku ya mechi, na kwenye kibanda cha video karibu na stendi watu walikuwa wanapiga kelele. Nikamwambia, "Babu, nakuja sasa hivi," nikaachia fimbo. "Sasa hivi" hiyo ilikuwa kipindi cha pili chote. Niliporudi nilimkuta pale pale, mgongo umegusa nguzo, mguu wake hatua moja tu kutoka kwenye mtaro, fimbo ameishika katikati kwa mikono miwili. Hakunigombeza. Aliuliza, "Nani kashinda?" Na nyumbani hakumwambia mama.

Kwa miaka mingi nilijihesabia kosa hilo kama utundu wa mtoto. Historia ya Frank ilinifundisha kuliuliza swali kwa namna nyingine: kwa nini safari yote ya mtu mzima iliwekwa mikononi mwa mtoto wa miaka kumi?

Mwezi Novemba 1927, gazeti la Saturday Evening Post lilichapa makala ya Dorothy Harrison Eustis, Mmarekani aliyekuwa akiishi Uswisi na kufuga mbwa wa kazi. Alieleza alichokiona Potsdam, Ujerumani, ambako mbwa walikuwa wakifundishwa kuwaongoza wanajeshi waliopofuka katika Vita Kuu ya Kwanza. Wajerumani walikuwa wameanza kazi hiyo katika mji wa Oldenburg mwaka 1916, vita vikiwa bado vinaendelea. Baba yake Frank alimsomea makala hiyo. Frank akamwandikia Eustis akimwomba msaada, na kuahidi kwamba akisaidiwa yeye, naye atawasaidia wenzake waliochoka kutegemea watu wengine.

Mwaka 1928 akapanda meli kwenda Ulaya. Kwa maelezo yake mwenyewe, alisafirishwa kama kifurushi: kampuni ya usafirishaji ilimpokea kwa mkono huu na kumkabidhi kwa mkono ule, na melini mhudumu alimfungia chumbani. Uswisi akapewa mbwa jike wa aina ya German Shepherd, akambatiza jina la Buddy. Wakafundishwa pamoja kwa wiki kadhaa. Mwezi Juni mwaka huo huo alirudi Marekani akashuka New York, waandishi wa habari wakamwambia avuke West Street, barabara pana ya bandarini iliyojaa malori. Akavuka. Kisha akampelekea Eustis simu ya maandishi yenye neno moja tu: mafanikio. Januari 1929 wakaandikisha Nashville shule ya kwanza ya mbwa waongozaji nchini humo, The Seeing Eye.

Hapa kuna jambo ambalo mimi mwenyewe sikulijua, na kila niliyemsimulia hakulijua pia. Mbwa mwongozaji hajui safari inaelekea wapi. Anajua kukwepa shimo, kusimama kwenye ukingo wa barabara, na kukataa amri ya kwenda mbele gari likiwa linakuja. Basi. Kwamba tunakwenda benki au msikitini, kwamba tunakata kulia kwenye njia panda ya pili, hayo yamo kichwani mwa mtu. Ramani ni yake, amri ni yake, mbwa huchunga njia tu. Konda akimkuta Frank na Buddy, hana ujanja wa kumuuliza mbwa. Itambidi amuulize Frank.

Lakini kuvuka barabara kulikuwa rahisi kuliko kuvuka mlango. Hoteli zikasema mbwa haruhusiwi. Mikahawa ikasema hivyo hivyo. Kwenye treni, makondakta walitaka Buddy akae behewa la mizigo, kana kwamba macho ya abiria yanaweza kusafiri peke yao nyuma na abiria akabaki mbele. Frank alizunguka nchi nzima na Buddy akibishana mlango kwa mlango. Katika miaka ya 1930 mashirika ya reli yakaanza kulegeza, na jimbo moja baada ya jingine yakatunga sheria za kuruhusu mbwa waongozaji kwenye vyombo vya usafiri na mahali pa watu wote.

Sheria hizo zilisaidia, ila ukizisoma leo unaona zilivyokuwa na umbo la ruhusa. Kanuni inabaki kuwa mbwa haingii. Huyu mmoja anaachiwa kwa hisani. Aliyebadili umbo hilo katika fikra ni profesa wa sheria ambaye yeye mwenyewe alitembea kwa fimbo, hakuwa na mbwa.

Jacobus tenBroek alizaliwa Kanada mwaka 1911 na akapoteza uoni utotoni baada ya kujeruhiwa jicho kwa mshale. Alifundisha Chuo Kikuu cha California, Berkeley, na mwaka 1940 aliongoza kuundwa kwa shirikisho la taifa la wasioona nchini Marekani. Aliandika sana juu ya Marekebisho ya Kumi na Nne ya Katiba ya Marekani, yale yaliyoletwa baada ya utumwa kukomeshwa na kuahidi ulinzi sawa wa sheria. Mwaka 1966 akachapisha katika jarida la sheria la California makala kuhusu haki ya watu wenye ulemavu ya kuishi duniani.

Hoja yake ilianzia mahali pa kawaida kabisa: shimo barabarani. Asiyeona akitumbukia kwenye shimo ambalo mafundi hawakulizungushia uzio, na akaenda mahakamani kudai fidia, mahakama humtazama vipi? TenBroek alipekua kesi hizo akaonyesha kwamba nyuma ya maneno mengi ya kisheria mara nyingi kulikuwa na swali moja: ulifuata nini barabarani peke yako? Kwamba mahali pake ni nyumbani, na akitoka, hatari ni yake. Yeye alisema kinyume. Kama watu hawa wana haki ya kuwa katika dunia, basi barabara, basi, hoteli na mahakama zijengwe na zihukumu kwa kujua kwamba wamo, na wanapita.

Ndiyo maana sheria ya mfano iliyotokana na fikra hizo, iliyojulikana kwa jina la fimbo nyeupe, iliweka fimbo na mbwa pamoja, kisha ikaongeza kifungu ambacho mimi nakiona ndicho moyo wake: asiyeona ambaye siku hiyo hakubeba fimbo wala hakuwa na mbwa asihesabiwe mzembe kwa sababu hiyo tu. Haki haitoki kwenye fimbo. Haitoki kwa mbwa. Ni ya mtu, na vile ni vyombo vyake vya safari. TenBroek alifariki mwaka 1968. Sheria kubwa ya Marekani ya haki za watu wenye ulemavu ilikuja tarehe 26 Julai 1990, ikatandika msingi huo nchi nzima.

Msingi huo ulijaribiwa visiwani. Hawaii ndilo jimbo pekee la Marekani lisilo na kichaa cha mbwa, na ili libaki hivyo lilikuwa na kanuni kali: mbwa yeyote anayeingia kutoka bara huwekwa karantini siku 120. Yeyote, wa tajiri au wa maskini, wa mgeni au wa mwenyeji. Wasioona wakafungua kesi, iliyobaki kwenye vitabu kwa jina la Crowder dhidi ya Kitagawa. Jimbo likajibu kwa hoja inayosikika kuwa na haki ndani yake: hatujambagua mtu, kanuni ni moja kwa wote.

Mwaka 1996 Mahakama ya Rufaa ya Mzunguko wa Tisa iliikataa hoja hiyo. Mwenye mbwa wa kufuga akitenganishwa naye siku 120, atamkumbuka. Asiyeona akitenganishwa na mbwa mwongozaji, hatembei. Na mbwa mwenyewe akikaa bila kazi anaweza kupoteza ustadi aliofundishwa. Kanuni moja iliangukia watu wawili kwa uzito usiolingana. Mahakama haikusema Hawaii iache kujilinda na ugonjwa. Ilisema ni lazima ipimwe kwanza kama ipo njia nyingine inayofaa, kwa mfano chanjo na kipimo cha damu, kabla ya kumfungia mtu mlango wa jimbo zima. Leo mbwa mwongozaji mwenye chanjo na vipimo vinavyotakiwa huingia Hawaii bila kukaa karantini.

Na sasa ile hukumu iliyonianzishia safari hii, Fry dhidi ya Napoleon Community Schools, ya Februari 2017. Binti wa familia ya Fry, huko Michigan, alizaliwa na mtindio wa ubongo unaoathiri misuli na mwendo. Daktari wake wa watoto alipendekeza apate mbwa wa kumsaidia, naye akampata Wonder, aliyefundishwa kuokota kinachodondoka, kufungua mlango, kuwasha taa, na kumtegemeza anapohama kutoka kwenye kifaa chake cha kutembelea kwenda kwenye choo. Shule ikamkataa Wonder. Sababu yake: mtoto tayari ana msaidizi, mtu mzima anayelipwa, anayemfanyia yote hayo.

Nilisoma sentensi hiyo mara tatu. Juu ya karatasi, shule ilikuwa na hoja. Kazi zote zinafanyika. Kuna tofauti gani zikifanywa na mtu au na mbwa? Tofauti iko chooni. Iko katika mtoto kujifunza kwamba kalamu ikidondoka anaweza kuipata kwa amri yake mwenyewe, pasipo kungoja mkono wa mtu mzima anayemwamulia lini na vipi. Wazazi walilijua hilo.

Mahakama ya Juu haikuamua kama shule ilikosea. Iliamua suala la utaratibu: je, ni lazima familia ipitie kwanza hatua zote za malalamiko ya elimu maalumu? Majaji wote walikubaliana kwamba hukumu ya chini itenguliwe. Jaji Elena Kagan, aliyeiandika, alitoa kipimo ambacho kinaeleweka hata na asiye mwanasheria. Jiulize, je, mtoto huyu angeweza kuleta lalamiko hili hili dhidi ya maktaba au ukumbi wa maonyesho? Na je, mtu mzima aliyekuja shuleni kama mgeni angeweza kulileta? Kama jibu ni ndiyo, basi huenda shauri halihusu ubora wa masomo hata kidogo. Linahusu mlango: nani anaruhusiwa kuupita, na kwa namna gani.

Haki hii ina watu wanaoichafua pia. Kanuni za mwanzo ziliruhusu mbwa na wanyama wengine, na watu wakaanza kuingia madukani na kwenye ndege na kila aina ya mnyama, wakidai ni wa tiba. Waliolipia uongo huo ni wale wenye mbwa wa kweli, kwani kila mlinzi wa mlangoni alianza kuwashuku. Mwaka 2010 serikali ya Marekani ikabana: mnyama wa huduma ni mbwa aliyefundishwa kazi mahususi, na farasi wadogo wakawekewa kifungu chao cha pembeni. Kisha mwishoni mwa 2020 wanyama wa kuliwaza tu wakaondolewa kwenye kinga ya safari za ndege. Lakini katika kubana huko sheria ililinda kitu kimoja. Pale ambapo shida ya mtu haionekani wazi, mhudumu wa mlangoni anaruhusiwa maswali mawili: je, mbwa huyu anahitajika kwa sababu ya ulemavu, na amefundishwa kufanya kazi gani? Hawezi kudai vyeti. Hawezi kuuliza unaumwa nini. Na maswali hayo humuuliza mwenye mbwa.

Nikizungumza haya nyumbani Tanga, mazungumzo hufika haraka kwenye najisi. Mama mkubwa aliniuliza wazi: "Mbwa ataingia msikitini na babu yako?" Swali lake si la ujinga, na lilikwisha kuulizwa kwingine. Mwaka 2008 Mwislamu mmoja kijana asiyeona wa Leicester, Uingereza, alitaka kwenda kusali na mbwa wake. Baraza la sheria ya Kiislamu la huko likatoa fatwa ya kumruhusu, na msikiti ukamtengea mbwa mahali pa kupumzika nje ya sehemu ya kusalia. Yeye akaingia kusali, mbwa akangoja. Nilimkumbusha mama mkubwa habari ya Watu wa Pangoni, ambao mbwa wao alilala kizingitini akiwalinda, na Qurani ikamtaja pamoja nao. Akanyamaza kidogo. "Kizingitini," akasema, "sawa. Kizingitini."

Sidai kwamba Tanga inahitaji mbwa waongozaji. Mitaa yetu imejaa mbwa koko, mitaro haina vifuniko, na kumfundisha mbwa mmoja ni gharama kubwa na kazi ya miezi mingi. Ninachokidai ni kidogo zaidi na kigumu zaidi. Tanzania iliridhia mwaka 2009 Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, na mwaka 2010 ikatunga sheria yake. Mkataba ule haumtaji mbwa kwa jina. Unataja msaada utolewao na walio hai, wakiwemo waongozaji, wasomaji na wakalimani wa lugha ya alama. Unataja pia mtu kwenda kwa namna anayoichagua, wakati anaouchagua, kwa gharama anayoimudu. Mwongozaji, katika maneno hayo, ni mtu mwenye kazi. Sisi kazi hiyo tumewapa wajukuu, Jumatano za shule, bila kuwauliza wao wala wazee wao. Kisha mjukuu akivutwa na mpira tunamwita mtukutu, na mzee akiachwa kwenye nguzo tunaiita bahati mbaya.

Likizo iliyopita nilikwenda naye Ngamiani. Sasa anashika kiwiko changu. Fimbo ya mpera ilivunjika zamani. Konda, kijana mdogo kuliko mimi, akanitazama usoni.

"Mzee anakwenda wapi?"

Nilikuwa nimejiandaa. Sikumjibu. Nikatazama nje dirishani. Konda akarudia, kwa sauti zaidi, akidhani mimi ndiye nisiyesikia. Abiria mmoja akageuka. Nikaona babu ameinua kidevu, anasikiliza ule ukimya, anaupima.

"Ngamiani," akasema. "Na nauli ninayo mimi. Ya huyu pia."

Konda akapokea noti, akahesabu chenji, akasita, kisha akaiweka kiganjani mwa babu. Babu akaihesabu kwa vidole, sarafu moja moja, taratibu, gari zima likingoja.

"Bado mia," akasema.